Parafujo Iliyokatwa na Kikao

Kama ungepita karakana ya marehemu kaka yangu pale Same mjini, mwezi wa tisa mwaka jana, ungetamani kuvuta kigoda ukae. Saa nne asubuhi Raymond na mdogo wake Jenifer walikuwa na kawaida ya kunywa chai pamoja. Siku hiyo walikuwa wameweka chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha juu ya meza ya kazi. Raymond alikuwa akimtania mdogo wake kwamba miaka yote ile ya chuo hajajifunza kupika chai inayoeleweka, na Jenifer akamjibu kwamba yeye hakwenda chuo kusomea chai. Mimi nilikuwa nimepita kurudisha spana. Nikacheka nao, nikala kipande cha muhogo, nikaondoka nikimshukuru Mungu kwamba kaka yangu ameacha watoto wanaopatana.

Wanaukoo wangu, wanausharika wenzangu wa Suji, na wewe usiyenijua ambaye umekaa kunisoma: amani ile haikumaliza mwezi. Haikuvunjwa na pombe, wala fumanizi, wala shamba, mambo ambayo masikio yetu yameyazoea. Ilivunjwa na ubishi juu ya kipande cha chuma. Nawaeleza nikiwa na aibu, maana mkono wangu umo. Mimi ni Sadock, fundi wa kukereza vyuma, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa katibu wa ukoo. Kazi zote mbili nilizifanya vibaya ndani ya wiki moja.

Nianze na mama yao. Shemeji yangu Eliakunda anaishi Suji, na ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama ishirini wanaolima tangawizi. Kikundi kilikuwa kimejengewa makaushio manne, vibanda vya bati vyenye tanuri dogo kwa nyuma, ili tangawizi ikaushwe hukohuko mlimani. Vibanda vilikuwa vizuri, ila milango ilivuja joto. Walipoiziba kwa mpira wa matairi, tangawizi ikatoka inanuka tairi na mnunuzi akaikataa. Kilichotakiwa ni mikanda ya silikoni, mpira mweupe unaovumilia joto na usio na harufu. Eliakunda akasimama mbele ya wenzake akasema, "Milango niachieni mimi. Wanangu wataifunga kabla ya mvua za vuli. Ng'oeni tangawizi bila wasiwasi." Wakamwamini, wakaanza kung'oa.

Wanawe walikuwa na mashine, kuukuu lakini nzima. Ndugu msomaji, usiogope habari za mashine, nitakuwa mfupi. Umeiona ile ya kusagia nyama kwa mkono, inayofungwa kwenye ukingo wa meza? Nyama inaingia juu, parafujo inazunguka ndani, nyama inatokea mbele. Hii ni hiyohiyo, ila ni kubwa, inazungushwa na mota, na mbele ina tundu lenye umbo la mkanda unaoutaka. Donge la silikoni linaingia, mkanda unatoka, unapitishwa kwenye tanuri, unaiva, unakuwa mpira kamili. Parafujo ya mashine yao ilikuwa imelika kabisa. Ilibidi wachague nyingine, na hapo ndipo chai ilipopoa.

Raymond alifanya kazi miaka kumi na tano kwenye kiwanda cha mabomba ya plastiki Dar es Salaam. Alirudi na ujuzi mkubwa, sikatai. Alirudi pia na parafujo ya mashine ya mabomba pamoja na silinda yake, alizozipata kwenye chuma chakavu. Parafujo ile ilikuwa ndefu, mita moja na nusu. Mfereji wake, yaani ile nafasi kati ya jino na jino, ulianza na kina kirefu nyuma, ukapungua kidogo kidogo hadi mbele ukabaki mwembamba.

"Hii ndiyo parafujo," alisema. "Ndefu, inabana. Mpira utoke umeshiba."

Jenifer alisomea ufundi mitambo, kisha akakaa miaka minne mahali wanapotengeneza vifaa vya mpira. Aliweka mchoro mezani. Parafujo yake ilikuwa na sentimeta sitini tu, mara kumi ya unene wake, na kina cha mfereji kilikaribia kuwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Silinda yake ilivalishwa koti la maji, ganda la chuma la kupitishia maji baridi.

"Kaka, plastiki inaingia ikiwa punje ngumu," alisema. "Lazima ibanwe, ipate joto, iyeyuke, ndiyo itoke. Silikoni inaingia ikiwa laini tayari. Haitaki kuyeyushwa, inataka kusukumwa tu, tena ikiwa baridi. Joto lake liko nje, kwenye tanuri. Ukiibana sana inasuguana, inapata moto, inaiva kabla haijatoka."

"Kwani si unataka iive?"

"Iivie nje, kaka. Ikiivia ndani imekwisha. Plastiki ikiharibika unaiyeyusha upya, hii haiyeyuki tena. Ugali ukishaiva unaweza kuurudisha ukawa unga?"

"Mimi nimeanza kuhangaika na parafujo wewe ukiwa darasa la tatu."

Hapo hoja ziliisha, yakabaki mashindano. Sisi Wapare tunajijua. Watani wetu wanasema tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na sisi tunacheka, ila tunacheka tukiwa njiani kwenda barazani. Siku tatu ndugu wale wawili walibishana. Siku ya nne kila mmoja alikunywa chai peke yake. Siku ya tano Raymond akampigia simu Mzee Filipo, mkubwa wa ukoo, akaomba kikao.

Angalieni tulipoanza kupotea. Hakuna aliyewapigia simu waliouza silikoni kuwauliza. Hakuna aliyesema tujaribu kwa donge moja dogo tuone. Tuliita kikao, kama vile mtu kahamisha mpaka wa shamba.

Tulikaa Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwa Mzee Filipo, watu kumi na wanne. Tulifungua kwa sala, nikasoma ajenda: "Mgogoro wa parafujo." Naona haya kuirudia, lakini ndivyo nilivyoandika.

Raymond aliongea vizuri mno. Alijua anaongea na watu gani. Wazee wale maisha yao yote wamegawana maji ya ndiva, yale mabwawa yetu ya asili, wakiyapeleka mashambani kwa mifereji na kwa zamu.

"Wazee wangu," alisema, "mfereji mkiubana kwa mbele, maji yanafanyaje?"

"Yanapata nguvu," wakaitikia.

"Na unaofika mbali ni mfereji mrefu au mfupi?"

"Mrefu!"

"Basi mdogo wangu anataka mfereji mfupi, tena usiobanwa. Amueni wenyewe."

Sebule ikacheka. Jenifer akasimama, akawaamkia, wakaitikia.

"Wazee wangu, maji hayaivi," alisema. "Silikoni inaiva. Tofauti yote iko hapo." Akatoa mchoro wake, akaeleza polepole na kwa heshima. Mchoro ulizungushwa sebule nzima ukiwa kichwa chini, na hakuna aliyeugeuza.

Mzee Filipo ni mtu wa haki, sitaki mumfikirie vingine. Miaka arobaini amesuluhisha ugomvi wa mipaka na wa zamu za maji, na watu hutoka kwake wakiwa wamepeana mikono. Akasema, "Hawa ni watoto wa baba mmoja. Sitaki mmoja atoke hapa kashinda na mwenzake kashindwa. Kaka anataka mita moja na nusu, dada anataka sentimeta sitini. Ikatwe katikati, iwe mita moja na sentimeta tano. Kubana kuwepo, lakini nusu. Kila mmoja kapata."

"Amina," sebule ikaitikia.

"Sikubali," akasema Jenifer. Hakupaza sauti, lakini tulimsikia sote. "Baba mkubwa, naomba radhi. Sio kwamba nataka kushinda. Silikoni haijui kama mimi na kaka ni ndugu. Parafujo ya katikati itaiharibu kama ile ndefu."

"Kaa, mama. Umesikilizwa."

Msomaji wangu, mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Tena mimi si karani tu, ni mtu wa vyuma. Mchoro ule Jenifer alikuwa ameniletea siku mbili kabla ya kikao. Niliupima, nikauliza maswali yangu, nikajua kabisa kwamba binti yuko sahihi. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba namheshimu mzee, lakini haikuwa heshima. Nilitaka kutoka pale nikiwa mwema kwa kila mtu, na chakula kilikuwa kinapakuliwa. Nikaandika hivi: "Kikao kiliafiki kwa kauli moja." Kisha nikala wali.

Jumatatu na Jumanne niliikata parafujo ya mabomba kwa upande wa mbele, ili kubana kubaki nusu kama mzee alivyoagiza. Nikaikata na silinda yake, nikazioanisha. Jenifer alikuja mara moja tu, akasimama mlangoni.

"Baba mdogo, unajua kwamba hiyo haitafanya kazi."

"Mwanangu, kikao kimeamua."

Aliniangalia kidogo, akaondoka. Mimi nikaendelea kukereza.

Alhamisi tukaifunga kwenye mashine. Walikuwa na maboksi sita ya silikoni, na manne walikuwa wameshayachanganya asubuhi ile na dawa ya kuivisha. Ikishachanganywa, silikoni ya aina ile haisubiri sana, hasa kwa joto la Same. Raymond akawasha mota. Mkanda ukatoka mweupe, laini, unang'aa. Raymond akapiga makofi, akatoa simu papo hapo, akampigia mama yake.

"Mama, mikanda inatoka! Waambie wenzako waanze kukata vipande!"

"Kaka, subiri," Jenifer akasema. "Ndiyo kwanza dakika tano."

"Wewe huwezi kufurahi hata siku moja?"

Kule Suji Eliakunda akapitisha habari. Tangawizi nzima inaweza kukaa wiki mbili tatu bila shida, lakini ikishaoshwa na kukatwa vipande inatakiwa iingie kwenye joto upesi, la sivyo inaota ukungu. Kina mama wanane hawakungoja. Wakachukua visu, wakaanza kazi.

Dakika ya ishirini mkanda ulianza kuota vipele. Vikafuata madonge. Jenifer aliweka kiganja kwenye silinda akakiondoa haraka.

"Zima! Inaivia ndani!"

"Nikiongeza mwendo itapita," Raymond akajibu, na akaongeza. Mota ikaguna, beliti ikatoa moshi, na mashine nzima ikasimama.

Siku mbili tulihangaika kuichomoa parafujo ile. Mpira ulioiva ulikuwa umeishika kila mahali, tukautoa kwa patasi, kipande kwa kipande. Ilipofika Jumamosi jioni, silikoni yote iliyochanganywa na dawa ilikuwa imeshaanza kuwa ngumu kwenye maboksi yake. Tukaitupa. Yakabaki maboksi mawili, na mengine yakiagizwa yangechukua miezi miwili kufika.

Nadhani mtu mwenye akili timamu hapo angesema, basi, tumeona. Sisi hatukuona. Raymond alisema kosa ni la kikao kuikata parafujo yake, ingebaki ndefu ingepita, na kwamba atakwenda baraza la kata kuwashtaki waliomharibia mali. Mzee Filipo akanipigia simu. "Sadock," alisema, "naona tulikosea kidogo. Itisha kikao kingine. Safari hii tuipunguze, iwe sentimeta themanini." Na mimi, Mungu anisamehe, nikachukua daftari nikaandika tarehe.

Jumatatu asubuhi tulikuwa wote watatu karakanani, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, shemeji yangu Eliakunda alipoingia. Alikuwa ameshuka kutoka mlimani na mama mmoja wa kikundi anayeitwa Leticia. Nguo zao zilikuwa na tope hadi magotini. Leticia alibeba kiroba.

"Shikamoo mama," Raymond akaanza.

Eliakunda hakuitikia. Alikichukua kile kiroba akakimwaga juu ya meza ya kazi. Vipande vya tangawizi vikatapakaa, vinateleza, vina ukungu wa kijani, na harufu yake ilijaa karakana nzima.

"Hiyo ni ya Leticia," alisema. "Alikata magunia yote siku ya Alhamisi, kwa sababu mwanangu alinipigia simu kwamba mikanda inatoka. Mvua imenyesha tangu Ijumaa. Tumewasha tanuri, joto lote linatoka mlangoni."

"Mama, tatizo ni kwamba kikao..."

"Mama, mimi tangu mwanzo nilisema..."

"Nyamazeni wote! Sikuja kusikiliza kesi. Nimekuja kuuliza milango."

Leticia alikuwa anakusanya vipande vilivyoanguka chini, anaviweka tena mezani kana kwamba bado vina kazi. "Wale kumi na wawili ambao hawajakata bado wana nafuu," alisema bila kutuangalia. "Lakini mvua hii ikiendelea, ghalani nako kunaingia unyevu. Wiki hii. Wiki ijayo hapana."

Eliakunda akanigeukia. "Shemeji, wewe ni fundi wa vyuma. Nani kati ya hawa wawili yuko sahihi?"

Ningeweza kusema tusubiri kikao. Daftari lilikuwa kwapani kwangu, na maneno yalikuwa mdomoni. Nikavitazama vile vipande vya tangawizi, nikajichukia kwelikweli. Nikafungua daftari, nikawasomea kwa sauti: "Kikao kiliafiki kwa kauli moja."

"Huu ni uongo," nikasema, "na nimeuandika mimi. Jenifer alikataa mbele yetu sote. Na mimi nilijua yuko sahihi hata kabla hatujakaa, nikanyamaza. Parafujo ni ile ya mchoro wake, sentimeta sitini, bila kuongeza wala kupunguza. Sikerezi tena chuma kwa kura, hata Mzee Filipo aje asimame hapa mwenyewe."

Raymond alinitazama kana kwamba nimempiga kofi. "Hata wewe, baba mdogo?"

"Hata mimi, mwanangu. Nimechelewa siku kumi."

Nilitegemea Jenifer afurahi, lakini hakuwa na muda huo. Alifuta meza kwa mkono, akautandaza mchoro wake.

"Tuna maboksi mawili," alisema. "Tukikosea hakuna la tatu. Baba mdogo, anza kukereza leo. Kaka, naomba unitengenezee koti la maji. Mimi siwezi kuchomelea bati jembamba vile, na nikimpa mtu mwingine litavuja."

"Unanipa kazi ili ninyamaze?"

"Nakupa kazi kwa sababu naihitaji. Ukinyamaza nayo ni faida."

Mama yao nusura acheke. Akavuta kigoda akakaa, akatangaza kwamba hapandi mlimani bila mikanda. Leticia alirudi peke yake.

Zile siku tatu tulifanya kazi ambayo sijaifanya tangu nikiwa kijana. Nilichukua nondo mpya ya chuma kizuri, nikaichonga mfereji mpana wenye kina kilekile cha mchoro, nikaung'arisha hadi ukateleza kwa kidole, nikaitengenezea na silinda yake. Jenifer aliupima kila baada ya sentimeta tano. Mahali pamoja alikuta nimeacha chuma kikizidi kwa unene wa ukucha, akanirudishia. Nikamwambia hapo padogo tu. Akasema, "Padogo ndipo patakapopata moto, baba mdogo." Nikarudia. Raymond kwa upande wake alichomelea koti, akalijaza maji, likavuja, akalikata, akalichomelea upya, likavuja tena tone moja moja, akalikata tena. Alifanya yote hayo kimya, uso umekunjwa.

Jumatano mchana aliinua kioo cha kuchomelea kutoka usoni, akauliza, "Jeni, maji yaingilie mbele au nyuma?"

Nilisimamisha mashine yangu nisikie vizuri. Tangu ubishi uanze, hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza lisilo na mtego ndani yake.

"Yaingilie mbele, kaka," Jenifer akajibu. "Huko ndiko joto linakoanzia."

"Haya."

Alhamisi saa tatu asubuhi tukawasha. Jenifer alichanganya nusu ya boksi tu kwanza. Akamwambia kaka yake, "Wewe kaa na silinda. Weka kiganja hapo mbele. Ikianza kukupa joto, zima. Usiniulize."

Mkanda ukatoka. Dakika tano, laini. Dakika kumi, laini. Dakika ya ishirini mama yao alikuwa amefumba macho anasali. Mkanda uliendelea kutoka, mweupe, ukaingia kwenye tanuri, ukatokea upande wa pili ukiwa mpira. Jenifer aliuvuta, akaukunja, akauachia, ukarudi kama ulivyokuwa. Dakika ya thelathini alimtazama kaka yake.

"Vipi hapo?"

"Baridi," alisema Raymond. Kiganja chake kilikuwa bado palepale. "Baridi kabisa." Akamtazama mdogo wake. "Miaka kumi na tano, Jeni, silinda ikipoa mimi ndiye nakimbia kuwasha moto. Nisingeweza kulifikiria hili peke yangu."

Saa kumi jioni maboksi yote mawili yalikuwa yamekwisha. Tulipata mikanda ya milango miwili kati ya minne. Tukaipandisha Suji jioni ileile. Kesho yake ndugu wawili wakaifunga, Raymond ameshika, Jenifer anakata pembe. Tanuri likawashwa. Nilizungusha mkono kando ya mlango wote na sikuhisi joto likitoka hata mahali pamoja.

Kina mama kumi na wawili waliokoa mazao yao, wakikausha kwa zamu mchana na usiku. Wale wanane waliokata vipande siku ya Alhamisi ile hawakuokoa kitu cha maana. Nilimkuta Leticia nyuma ya nyumba yake akichimba shimo la kufukia tangawizi, magunia yamepangwa pembeni. Nikamwambia nimsaidie. Aliniachia jembe, akaingia ndani. Nilifukia magunia yote mwenyewe, na nililia, sioni sababu ya kuficha.

Jumapili iliyofuata tulikaa tena kwa Mzee Filipo, kuwapatanisha Raymond na Jenifer, ingawa walikuwa wameshapatana. Mzee alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusema juu ya upendo wa ndugu wakati Leticia alipobisha hodi. Si wa ukoo wetu. Alisimama mlangoni, hakutaka kiti.

"Samahani wazee," alisema. "Nataka kuuliza tu. Siku ile mlipokuwa mnagawa ile parafujo ili hawa wawili wasinuniane, sisi tulikuwa wapi?"

Raymond ndiye aliyesimama.

"Mama, ni mimi," alisema. "Nilikuwa sijui, nikasema najua. Halafu nikawatafutia wazee maneno ya mfereji, kwa sababu nilijua watayapenda. Na simu nilipiga mimi. Nimekosea."

Nina miaka sitini na moja. Sijawahi kulisikia neno hilo likitamkwa kwenye kikao chetu kabla mtu hajafikishwa kwa hakimu. Leticia alimsikiliza hadi mwisho. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe.

"Msimu ujao," alisema, "nitakata nikishauona mlango umefungwa." Akatuaga kwa heshima, akaondoka.

FUNZO

Ndugu zangu, ubishi ni ugonjwa wetu na tunauchekea. Lakini hadithi hii haimhusu mbishi peke yake. Raymond alikuwa na kosa la kutaka kushinda jambo asilolijua, na kosa hilo amelikiri. Kosa lililotuangamiza ni letu sisi wengine, tuliochukua swali lenye jibu tukaligeuza kuwa ugomvi wenye suluhu. Zamu ya maji unaweza kuigawa nusu kwa nusu, watu wakaenda nyumbani wameridhika. Dawa ya mgonjwa huwezi kuigawa hivyo, wala nguzo ya nyumba, wala parafujo. Kwenye mambo kama hayo mtafute anayejua, hata akiwa mdogo wako, hata akiwa binti uliyembeba mgongoni, umuulize, na ujaribu kidogo kabla ya kujaribu yote. Na asiyejua aseme sijui. Hafi.

Kwa wazee: mkitaka amani, angalieni ni nani anayeilipia. Anaweza asiwe sebuleni.

Kwa makatibu wa koo, wa vikundi na wa sharika: mtu mmoja akikataa, hiyo si kauli moja. Andika jina lake na alichokisema.

Na kwa wewe uliye kama mimi, unayejua na umekaa kimya ukijiita mwenye heshima, nakuomba usimame kwenye kikao hichohicho, kabla chakula hakijaja. Mimi nilinyamaza siku kumi, na siku zile kumi zimefukiwa nyuma ya nyumba ya Leticia.